Kijiji cha Mume Wangu

Mume wangu Sylvance alikaa Sauvremont miezi sita. Mimi nimekaa huko miaka thelathini na saba, na ndege sijapanda hata ya kwenda Kisumu. Niulize chochote kuhusu hicho kijiji. Niulize bekari inafunguliwa saa ngapi, padri anapenda supu gani, nani hasemi na nani. Nitakujibu nikiwa hapa hapa Shauri Moyo, Nairobi, nimekalia kigoda changu, nakunja mapazia ya mitumba niliyoyatoa soko la Gikomba asubuhi.

Sauvremont ni kijiji cha watu wasiofika mia mbili, kwenye mpaka wa Ufaransa na Uswisi. Pande zote mbili wanasema Kifaransa, kwa hivyo ukigombana na jirani wa nchi nyingine anakuelewa neno kwa neno. Kuna milima, kuna theluji, kuna stesheni moja ya treni. Mwaka wa themanini na sita, Sylvance akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, kazi yake ya reli ilimpeleka huko kujifunza mambo ya signali, zile taa za kuongoza treni. Alipewa chumba juu ya bekari ya Mama Perrine. Sasa hiyo bekari, mpaka umepita katikati yake. Tanuri liko Uswisi, kaunta iko Ufaransa. Mkate unaookwa nchi moja unauzwa nchi nyingine, na Mama Perrine mwenyewe hajatoka nje ya mlango.

Kuna afisa wa forodha, Anselme, ambaye husinzia akiwa amesimama. Lakini akipita ng'ombe mmoja aitwaye Duchesse, anayevuka mpaka kila asubuhi kufuata nyasi, Anselme huamka na kumpigia saluti. Kuna ndugu wawili, Etienne na Basile, waliokosana kwa sababu ya ngazi. Mmoja alihamia ng'ambo ya barabara, yaani nchi nyingine, na tangu hapo wakitaka kusalimiana humtuma padri.

Laini yetu yote, yaani nyumba zote za mstari wetu, inawajua watu hawa. Askari wa kanisa akisinzia, tunamwita Anselme, naye anaitika. Jirani yangu Batulo, ambaye mimi humwita Mama Iqra, ana duka la vitambaa na akili nyingi kuliko wabunge wote, lakini yuko upande wa Basile. Mimi niko upande wa Etienne. Kuna mwaka tulinuniana wiki nzima kwa sababu ya hiyo ngazi, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuwahi kuingia Sauvremont: fundi Dishon, wa nyumba inayotazamana na yetu.

"Mkate kuvuka mpaka bila kutoka jikoni?" humwambia Sylvance kila mara, pini zikiwa mdomoni. "Ochola, hiyo kijiji yako haiko. Ulikuwa Naivasha."

Na hapa niseme ukweli ili unielewe. Mwaka huo wa themanini na sita nilikuwa na wanaume wawili wanaonitaka. Dishon alikuwa na cherehani mbili, kitanda cha mbao na adabu. Sylvance alikuwa na filimbi ya reli. Nilikwenda studio nikapiga picha, nikatoa nakala mbili, nikampa kila mmoja yake, maana sikutaka ugomvi. Kisha Sylvance akasafiri. Kwa miezi sita Dishon alinishonea magauni manne, na mama yangu kule Vihiga akaanza kumwita mkwe. Nilikuwa nimebakisha kusema ndiyo tu.

Sylvance akarudi. Jioni ya kwanza aliyokuja kwetu Vihiga akaketi, akamweleza mama Duchesse na ile saluti. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nilimtazama huyo kijana mwembamba nikawaza: mwanamke akiwa na mtu wa namna hii, nyumba haitanyamaza. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa themanini na saba tukafunga ndoa. Dishon alishona suti ya bwana harusi, na mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Mpaka leo anasema ni bahati mbaya.

Kwa hivyo kwangu Sauvremont si hadithi ya kupitisha jioni. Niliacha cherehani mbili kwa ajili yake. Kama kijiji ni uongo, basi nimeolewa na uongo, tena mbele ya padri.

Mambo yalianza siku ya Jumatatu. Iqra, binti wa Batulo, anayesomea Kifaransa chuoni, alikuja mbio, amelikusanya buibui mkononi asijikwae, simu mbele yake.

"Mzee Ochola! Nimeipata! Sauvremont iko kwa internet, si jokes! Cheki!"

Laini yote ilijaa mlangoni petu. Hata Dishon alivuka njia, kipimo shingoni. Iqra akasoma, akitafsiri. Wakazi mia moja na tisini na wanne. Kanisa moja. Bekari moja. Stesheni ilifungwa zamani. Batulo alipiga kigelegele kwa ajili ya bekari. Mimi nilihisi miguu imekuwa myepesi kama ya msichana.

"Kijiji kinaweza kuwepo," akasema Dishon, "na huyu asiwahi kufika."

"Iqra, waandikie," nikasema. "Waulize kama wanamkumbuka Sylvance wa signali."

Iqra akaendelea kupitisha picha kwa kidole. Kanisa. Theluji. Kisha mstari mrefu wa miti kando ya mawe ya mpaka, yenye matunda madogo ya rangi ya zambarau. Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akibadilika uso. Mtu aliyekuwa amevimba kwa fahari kama chapati kwenye kikaango alinywea ghafla.

"Funga simu," akasema. "Inamaliza chaji."

Nilijua kuna kitu. Ukilala na mtu miaka thelathini na saba, hata kikohozi chake unajua kama ni cha kweli.

Jibu lilikuja siku ya pili. Aliyeandika ni Odile, mjukuu wa Mama Perrine, daktari wa mifugo. Alisema kila mtu Sauvremont anamjua Sylvance. Akasema pia kwamba, kwa bahati ya ajabu, wiki hiyo hiyo atakuwa Nairobi kwenye mkutano wa magonjwa ya ng'ombe, na kama hatutajali atakuja kutusalimia Jumamosi saa nane mchana. Ana zawadi alizobeba.

Hebu fikiria laini yetu ilivyokuwa. Mfereji wa maji, ambao umevuja tangu Clare binti yangu akiwa darasa la pili, ulirekebishwa kwa siku moja. Askari wa kanisa alinyoa ndevu. Batulo alitangaza kwamba atapika anjera, zile chapati laini za kwao, na nyama ya mbuzi. Wengine wakasema hapana, mgeni apewe mkate mrefu ajisikie nyumbani. Kukawa na pande mbili tena, wa mkate na wa anjera, na wa mkate wakaitwa Basile. Batulo alikasirika sana kuona jina hilo limepewa wapinzani wake.

Na Sylvance je? Mtu aliyetuambia habari za kijiji hicho mara elfu, sasa ukimtajia Sauvremont anatafuta miwani. Alhamisi nikamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Unaenda wapi, Baba Clare?"

"Nyumbani Ugenya. Kuna ng'ombe nataka kumwona."

"Ng'ombe gani?"

Akafikiria. "Mweusi."

Nilikaa juu ya begi. "Sylvance Ochola, niambie sasa hivi. Uliishi Sauvremont au hukuishi?"

"Niliishi."

"Juu ya bekari?"

"Juu ya bekari, Mama Clare. Hayo yote ni kweli."

"Basi unakimbia nini?"

Akatazama dari, kama vile jibu limeandikwa kwenye mabati. Nilipandwa na hasira hadi masikioni. Nilimwambia kwamba ikiwa Jumamosi huyo mwanamke atafika na kuniaibisha mbele ya Dishon, mimi nitamfuata huyo ng'ombe mweusi Ugenya, na yeye abaki hapa ajipikie. Kisha, alipokwenda kuoga, nilichukua meno yake ya bandia kwenye glasi nikayafunga ndani ya pazia la bluu. Mume wangu ana maringo. Bila meno hawezi kutoka hata kununua gazeti. Alishinda Ijumaa nzima ndani, anakunywa uji, ananitazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa gari.

Jumamosi saa saba na nusu nikamrudishia meno yake. Aliyavaa, akavaa na koti.

Teksi ilisimama kona ya laini saa nane kamili. Akashuka mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, mashavu mekundu, viatu vya kutembelea matopeni. Hakusubiri kukaribishwa. Alisimama akatazama huku na huku, akacheka peke yake, kisha akasema kitu kwa sauti.

"Anasema nini?" tukauliza wote.

Iqra alikuwa ameshika shavu. "Anauliza kama hiyo ndiyo mfereji ya akina mama kupigana."

Tukatazamana. Odile akaendelea kutembea, akinyoosha kidole kama mtu aliyerudi kwao. Lile ni kanisa ambalo kwaya yake huimba mpaka mbwa wanalia? Na upande ule ni sokoni, ambako mtu anaweza kununua kiatu kimoja leo na cha pili wiki ijayo? Na yuko wapi yule mzee aliyefuga bata ndani ya beseni? Yule mzee alikufa zamani, Mungu amrehemu, na bata nilikuwa nimewasahau kabisa.

Hapo nikaelewa. Miezi ile sita, jioni kwa jioni, mume wangu alikuwa amekaa kwenye bekari ya Mama Perrine akiwaeleza Shauri Moyo, kama vile alivyotuelezea sisi Sauvremont. Kule nako kulikuwa na watu waliokua wakitujua. Nilicheka kwa sauti. Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu, na sisi si watu wa kukumbatiana mbele ya watu.

"Na Dishon?" Odile akauliza. Jina hilo lilikuja bila Iqra kulitafsiri. "Dishon wa cherehani mbili?"

Dishon alikuwa amejificha nyuma ya nguo za kuanikwa. Tukamsukuma mbele. Odile alimshika mikono yote miwili, akazungumza kwa muda mrefu, na Iqra akatafsiri akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Anasema, Mzee Ochola akiondoka aliachia yule Anselme wa forodha suruali. Suruali umeshona wewe, fundi. Huyo Anselme hakuwahi vaa ingine Jumapili. Miaka ishirini, haijatoka uzi hata moja. Na alipokufa akasema azikwe nayo. Ati alizikwa nayo, fundi. Kule kila mtu anajua Dishon."

Machozi yakamtoka Dishon hadharani.

"Mpindo niliweka mara mbili," akasema. "Mwambie niliweka mara mbili."

Nilidhani mambo yamekwisha salama. Nilimtazama Sylvance nikimpa uso wa kusema: kumbe ulikuwa unaogopa nini? Lakini jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Odile akafungua mkoba wake, akatoa chupa mbili za jemu nyeusi yenye wekundu, zimefungwa vitambaa shingoni. Kila chupa ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ya kwanza: OPIYO. Ya pili: ODONGO.

"Anasema kule kwao mtoto akizaliwa," Iqra akaanza vizuri, "wanampandia mti wa plamu kwa mstari wa mpaka. Kila mtoto wa kijiji ako na wake. Jemu ya kila mti wanaweka kwa chupa yake. Hizi zimetoka kwa miti ya..." Akasimama. Akamuuliza Odile tena. Akanitazama mimi, kisha Mzee, kisha chini. "Ya mapacha wenu. Walipandiwa Novemba eighty-six, siku ile Mzee alipata telegramu kwamba mkewe amejifungua. Kengele ya kanisa ikapigwa. Anauliza mapacha wako wapi, awasalimie."

Watu hamsini walinyamaza kwa pamoja. Maji ya mfereji tu ndiyo yangesikika, lakini mfereji ulikuwa umetengenezwa.

Novemba ya themanini na sita mimi nilikuwa msichana wa watu. Nilikuwa nimevaa gauni la tatu la Dishon. Mtoto wetu ni mmoja tu, Clare, mwalimu kule Komarock, na alizaliwa mwaka wa tisini. Opiyo na Odongo ni majina ya mapacha kwa Wajaluo, lakini mapacha hatujawahi kuwa nao, wala telegramu sijawahi kutuma maishani mwangu.

Kwa hiyo uongo ulikuwepo kweli. Ila haukusemwa Shauri Moyo. Kuhusu Sauvremont mume wangu alikuwa ametuambia ukweli mtupu, mpaka saluti ya ng'ombe. Uongo aliupeleka kule, na uongo wenyewe ni mimi.

Sylvance alinitazama. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona akiniomba kitu kwa macho namna hiyo. Neno langu moja lingetosha. Na Dishon alikuwa amesimama pale pale, mtu ambaye ana haki kuliko wote ya kusikia neno hilo.

Nikachukua chupa ya Opiyo, nikaigeuza juani.

"Opiyo yuko Mombasa," nikasema. "Odongo yuko Nakuru. Wote wako reli, kama baba yao. Wangejua mgeni anakuja wangeomba ruhusa."

Iqra akatafsiri. Odile akaitikia kwa kichwa kwa furaha, kisha akamgeukia Dishon na kumuuliza swali.

"Fundi," Iqra akasema polepole, "anauliza kama ni wewe ulikuwa unawashonea mapacha."

Dishon akanitazama. Akamtazama Sylvance, kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

"Sare za shule nimeshona zote," akasema. "Opiyo hakuwa na shida. Lakini huyo Odongo! Kila wiki suruali imepasuka hapa nyuma. Mtundu ajabu."

"Hata dirisha la duka langu alivunja," akadakia Batulo. "Na mpira!"

Basi laini yote ikafunguka. Odongo alipigana na nani, Opiyo alipata alama gani, nani kati yao aliwafungulia kuku wa mchungaji. Askari wa kanisa aliapa kwamba aliwabatiza, na yeye si padri. Tulicheka, tukala anjera na mkate mrefu kwenye sahani moja, tukapaka jemu juu ya yote. Jemu ya Odongo ilikuwa na ukali fulani, na kila mtu akasema ni kama mwenyewe.

Saa kumi na moja nilimsindikiza Odile hadi kwenye teksi, Iqra katikati yetu. Kabla ya kuingia alinishika mkono, akasema maneno machache akitabasamu. Iqra alipiga ukelele, akaziba mdomo.

"Sema," nikamwambia.

"Anasema, nyanya yake hakuamini hiyo story hata siku moja. Hakukuwa na telegramu; yeye ndiye alikuwa anapokea barua za kijiji pale bekari. Na alikuwa anamwona Mzee akitoa picha yako mfukoni kila asubuhi, akiiangalia. Akasema mwanaume aliyeoa haangalii picha hivyo. Huyu bado hajaambiwa ndiyo."

"Mbona basi akapanda miti?"

Iqra akauliza. Odile akajibu akiwa amekwisha kaa kwenye kiti.

"Ati alisema, tukipanda, huyu kijana ataona haya kurudi nyumbani na kukosa kukuoa."

Teksi ikaondoka. Nilisimama kwenye kona mpaka Iqra akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilikuwa na miaka sitini na mbili na moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa msichana aliyetoka studio na picha mbili mkononi.

Sylvance alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, anakwangua chupa ya Opiyo kwa kijiko.

"Kwa nini mapacha?" nikamuuliza.

"Mama Perrine aliniuliza kama tuna mtoto," akasema bila kuinua macho. "Nikaona nikisema mmoja atadhani ni uongo."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

"Amekwambia nini pale kwa teksi?"

"Amesema Opiyo anazaa sana mwaka huu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Nikamwacha na kijiko chake, nikatoka nje kumtafuta Iqra kabla hajaingia kwao.

"Ukimwandikia Odile kesho," nikamwambia, "mwambie wapande mti wa tatu. Jina ni Clare. Na uwaambie huyu yuko kweli, wakitaka picha nitatuma."